Bomba Chini ya Krenki

Baiskeli yenye kotapini iliyolegea haijifichi. Pedeli ikipita juu na mguu ukianza kuikandamiza, krenki hulia "kwa", kisha kimya, kisha "kwa" tena, hivyo hivyo mpaka mwenye nayo afike aendako au mkono wa pedeli umchomoke njiani. Mlio huo nimeusikia tangu utotoni Urambo. Mpaka leo ukipita nje ya ukuta wa nyumba yangu, mimi huacha ninalofanya na kutega sikio nijue unatoka upande gani, kulia au kushoto.

Mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli. Kijiwe chake kilikuwa chini ya mwembe, hatua chache kutoka sokoni. Mama aliuza maandazi hapo sokoni, na likizo ya mwaka 1984, nikiwa darasa la sita, hakutaka nibaki nyumbani peke yangu wala nizurure mitaani. Akaniacha kwa kaka yake. Nilikuja nikae tu kwenye benchi. Wiki ya kwanza nilikaa. Wiki ya pili nilianza kuosha gololi kwa mafuta ya taa. Wiki ya tatu nilijua kuziba pancha, na watu wakaanza kusimama kumtazama binti mwenye mikono myeusi kwa grisi.

Urambo ni nchi ya tumbaku, na miaka ile tumbaku, mkaa, maziwa, mahindi na hata mgonjwa wa kwenda zahanati vyote vilisafiri juu ya keria. Kijiweni zilifika Raleigh za Nottingham zilizonunuliwa na mababu, Phoenix za Shanghai, Hero za kutoka India, na Swala zetu za Dar es Salaam. Zilitoka nchi tofauti, lakini zote zilifungwa krenki kwa namna moja, kwa kotapini.

Asiyeijua aifikirie kabari ya mpasua magogo. Kotapini ni kijiti cha chuma cha mviringo, unene wake milimita 9 au 9 na nusu. Ubavu mmoja umechongwa bapa, tena kwa mshazari, na ncha moja ina nyuzi za kufungia nati. Kinapita kwenye tundu la krenki, na ule ubapa wake unalala juu ya ubapa mwingine uliochongwa kwenye ekseli. Kadiri kinavyoingia ndivyo kinavyobana, mpaka krenki na ekseli zinakuwa kama chuma kimoja.

Kazi ya kijiti hicho si ndogo. Krenki ina urefu wa sentimita 17 hivi, na ekseli ina unene wa milimita 16, yaani kutoka katikati yake hadi ukingoni ni milimita 8. Kwa hiyo uzito unaokanyaga pedeli unafika kwenye kotapini ukiwa umezidishwa zaidi ya mara 20. Mtu wa kilo 60 akisimama juu ya pedeli kupandisha mlima na gunia lake la mkaa, kotapini inabeba zaidi ya tani moja. Hesabu hii niliipata baadaye sana, chuoni. Mjomba hakuwahi kuiandika popote, lakini alikuwa nayo mikononi. Ndiyo maana alinikataza kugusa kotapini ya mtu mpaka aniruhusu mwenyewe.

Nilivunja katazo hilo siku moja alipokwenda stesheni kupokea mzigo uliokuja kwa treni kutoka Tabora.

Alifika mzee mmoja muuza maziwa. Alikuwa akitoka kila alfajiri kwenye maboma ya wafugaji na madumu mawili yaliyoning'inia kwenye keria, moja kila upande. Nilimwamkia. Akaitikia, akauliza Mjomba yuko wapi, akasema krenki ya kushoto inacheza na anaogopa itamwacha njiani. Ningeweza kumwambia asubiri. Lakini nilikuwa nimemtazama Mjomba akitoa kotapini mara nyingi, nikaamini kwamba macho yangu yalikuwa yamekwisha kujifunza. Nikamwambia, "Acha hapa, mzee, utaikuta tayari."

Nikaiegemeza baiskeli kwenye mwembe. Nikafungua nati yote na kuiweka kwenye kopo. Nikachukua nyundo kubwa, nikapiga ncha ya kotapini kutoka juu. Haikutikisika. Nikapiga tena. Vijana wawili waliokuwa wakingoja pampu wakasema binti hana mkono wa nyundo. Maneno hayo yalinichoma. Nikainua nyundo juu zaidi, nikapiga kwa hasira. Baiskeli nzima iliruka kwa kila pigo. Kengele ya usukani ikalia yenyewe. Kotapini haikutoka. Ncha yake yenye nyuzi ilitanuka kama kichwa cha uyoga, kisha ikapinda kando. Hapo nikajua kwamba hata nguvu za wale vijana wawili zisingeitoa tena.

Mjomba aliporudi hakupandisha sauti. Alichuchumaa, akaitazama ile kotapini, akaigusa kwa kidole gumba. Akaikata ncha iliyopinda kwa msumeno wa chuma, akachukua keekee na kuanza kuitoboa katikati polepole, akidondoshea oili tone kwa tone. Kazi hiyo ilimchukua mpaka jua likazama. Mimi nilishika baiskeli isitikisike, na hakunisemesha.

Kotapini ilipotoka nilidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Aliitoa ekseli nzima, akamimina gololi kwenye sahani, 11 za upande huu na 11 za upande ule, akakisafisha kikombe cha chuma ambacho gololi hizo huzungukia ndani yake. Akanipa mkononi. "Pitisha ukucha ndani yake," alisema. Nikapitisha. Ukucha ulikwama, ukatoka, ukakwama tena. Kulikuwa na vishimo vidogo vidogo.

"Unahisi nini?"

"Mashimo."

"Chini ya krenki uliweka nini?"

"Sikuweka kitu, Mjomba."

"Basi hukuwa unapiga kotapini. Ulikuwa unapiga gololi."

Nimefundisha ufundi kwa miaka mingi, na sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Pigo la nyundo halipotei. Ukipiga kitu kilichoning'inia hewani, nguvu inapita ndani yake na kwenda kutafuta pa kutua. Krenki ile ilining'inia kwenye ekseli, ekseli ilikaa juu ya gololi, na gololi juu ya kikombe. Kila nilipopiga, chuma kigumu cha gololi kilitua kwenye kikombe na kukichimba. Kotapini niliyotaka kuitoa ndiyo iliyopata sehemu ndogo kabisa ya pigo. Iliyobaki iliharibu mahali ambapo sikuwa nikipaona.

Kesho yake alfajiri Mjomba alinipa baiskeli yake mwenyewe nimpelekee mzee wa maziwa aitumie, na akaniambia nimweleze mzee kwa mdomo wangu nilichofanya. Nilimkuta ameshakamua. Nilipomaliza kusema alinyamaza kidogo, akayapanga madumu yake kwenye ile keria ya kuazima, akaniuliza, "Sasa umejua?" Nikasema, "Nimejua, mzee." Akasema, "Basi nitakapoileta tena, uitengeneze wewe." Nimesamehewa makosa makubwa kuliko hilo maishani, lakini hakuna msamaha ulionipa kazi kama ule.

Siku zilizofuata ndipo nilipofundishwa. Mjomba alitoa chini ya benchi kipande cha bomba la maji la nusu inchi, kirefu kama sentimita 28, miisho yake miwili imepigwa tupa ikawa sawasawa. Nilikuwa nimekiona kila siku nikidhani ni chakavu. Akageuza krenki ikalala mlalo, kotapini ikasimama wima na nati yake ikiwa juu. Kisha akalisimamisha bomba chini ya krenki, kichwa cha kotapini kikawa ndani ya tundu la bomba, na mguu wa bomba juu ya jiwe gumu lililofukiwa ardhini. Bomba lilikuwa refu kidogo kuliko kimo cha krenki, kwa hiyo uzito wa baiskeli upande ule ulililalia. Akanionyesha jinsi ya kuitikisa baiskeli kwa mkono, mpaka uhisi kwamba krenki imekaa juu ya bomba na haining'inii tena.

"Sasa pigo likishuka," alisema, "litapita kwenye krenki, liingie kwenye bomba, liende kwenye jiwe, liishie kwenye ardhi. Gololi hazitajua kwamba kuna mtu anapiga."

Nati hakuitoa yote. Aliilegeza mpaka uso wake ukalingana na ncha ya kotapini, ili pigo litue kwenye nati na ncha kwa pamoja na nyuzi zisitanuke. Akanipa nyundo. Nilipiga mara moja, pigo zito lililonyooka. Ikasikika "tak!", mlio mkavu kama tawi linalokatika, na kotapini ikashuka nusu sentimita. Mkono ulikuwa ni uleule wa siku ile, na wale vijana walikuwa wamekaa palepale.

Mjomba aliwatazama, kisha akanitazama mimi. "Kotapini haiogopi misuli," alisema. "Inamtii aliyeweka bomba."

Kuifunga kotapini kuna elimu yake, na miaka ile ya uhaba elimu hiyo ilikuwa riziki. Vipuri havikupatikana. Dukani ukikuta kotapini ungekuta za aina moja tu, na baiskeli za watu zilikuwa za aina nyingi. Mafundi wengine walichukua kotapini nyembamba, wakaizungushia bati la kopo na kuigongomea kwenye tundu pana. Iliendeshwa siku tatu, ya nne ikaanza kulia. Mjomba alikataa kazi hiyo. Kama hakuwa na ya unene unaofaa alichonga mwenyewe kutoka kwenye bolti ya zamani, na alichagua chuma kwa makini. Alinieleza kwamba kotapini inapaswa kuwa laini kuliko ekseli. Ikiwa kuna kitu kitakachoumia, aumie mdogo anayebadilishika kwa bei ya chai, asiumie mkubwa.

Ubapa wa kotapini mpya mara nyingi hauko tayari kwa kazi, hata ile iliyotoka kiwandani. Una mistari ya mashine, au mshazari wake haulingani na ekseli. Mjomba aliishika kwenye jiliwa, akapitisha tupa kwa mwendo mrefu wa kwenda mbele tu, bila kuikwaruza wakati wa kurudi. Kisha akawasha koroboi, akaupitisha ule ubapa juu ya moshi mpaka ukavaa masizi meusi. Akaisukuma kotapini kwenye tundu kwa mkono, akaigonga kidogo, akaitoa. Pale masizi yalipofutika ndipo ilipogusa ekseli. Mara ya kwanza yalifutika kwenye ukingo mmoja tu, kama uzi mwembamba. Akapiga tupa palepale, akarudisha kwenye moshi, akajaribu tena. Alirudia hivyo mara nne au tano, mpaka masizi yakafutika karibu uso mzima. Hapo ndipo alipoipiga kweli, juu ya bomba, na nati akaifunga mwisho kabisa.

Nilimuuliza kwa nini tusiifunge nati kwa nguvu tangu mwanzo ili iivute kotapini ndani. Watu wengi hufanya hivyo, na wengi wamekata nyuzi kwa kufanya hivyo. Akasema nati haikuumbwa kuvuta. Kazi yake ni kumshikilia aliyekwisha kuingia. Kama kotapini haijakaa vizuri, nati itabanwa mpaka ikatike na krenki bado itacheza. Na kama imekaa, nati hata ifungwe kwa mkono wa kawaida inatosha.

Lilibaki jambo la mwisho, ambalo fundi asiyelijua hujulikana kwa kutazama baiskeli zake zikipita. Kotapini mbili za baiskeli moja haziingizwi kutoka upande mmoja. Krenki zikilala mlalo, moja mbele na nyingine nyuma, nati moja itazame juu na nyingine itazame chini. Zikiingizwa zote kutoka juu, ile mishazari inazisukuma krenki zipishane. Pedeli hazitazamani tena sawasawa, na mpandaji anaendesha kama mtu anayechechemea. Mjomba alikuwa akilala chini kabisa, jicho moja amelifumba, akitazama krenki mbili kama zimenyooka mstari mmoja. Na hakumwachia mteja aende moja kwa moja. Alimwambia azunguke mpaka stesheni na kurudi. Kotapini mpya hukaa zaidi ikishabebeshwa uzito. Mteja akirudi, bomba liliwekwa tena, pigo moja, nati ikakazwa robo mzunguko, ndipo pesa zikapokelewa.

Mwaka 1989 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi, msichana mmoja kati ya wavulana wengi. Karakana yetu ilikuwa na droo ya zana zisizo na jina, vitu vilivyoachwa na watu waliotangulia, ambavyo hakuna aliyejua vilifanya kazi gani. Siku ya usafi nilipewa droo hiyo. Ndani nikakuta chuma kizito kilichopinda kama kwato ya farasi, upande mmoja kina bolti nene inayopenya, na upande wa pili, ikitazamana na ncha ya bolti, kina shimo lenye kina. Wenzangu walisema ni jiliwa lililovunjika. Nilikiweka kiganjani, nikalitazama lile shimo, nikajua. Lilikuwa bomba la Mjomba. Na bolti ilikuwa nyundo yake.

Nilitetemeka kidogo, sioni aibu kusema. Mtu fulani, katika nchi ya mbali, alikuwa amekaa na tatizo lilelile la chini ya mwembe, akaunganisha mpigaji na mwegemezaji kwenye mwili mmoja. Chombo hicho huvishwa kwenye krenki. Kichwa cha kotapini kinatazama lile shimo, ncha ya bolti inakaa juu ya nyuzi, kisha unazungusha kwa spana. Nguvu inayosukuma upande huu inapokewa na chuma kilekile upande wa pili. Hakuna kinachofika kwenye gololi, kwa sababu hakuna kinachotoka nje ya kile kikwato. Wakati wa kufunga unakigeuza tu, bolti isukume kichwa na shimo lipokee ncha yenye nyuzi.

Likizo ile nilirudi Urambo na mchoro kwenye daftari. Tukaenda na Mjomba kwa fundi wa kuchomelea. Cha kwanza tulikitengeneza kwa chuma tulichokipata kirahisi, nacho kilikuwa chembamba. Kotapini ya kwanza yenye kutu ilikifumbua kama mdomo, bolti ikapinda, tukarudi nyumbani bila kuzungumza. Cha pili tulikata kwenye kipande kinene cha trekta bovu, tukachomelea nati kubwa ya lori iwe njia ya bolti, na ncha ya bolti tukaitia motoni mpaka ikawa nyekundu, kisha tukaizamisha kwenye oili ili iwe ngumu. Tulipaka grisi kwenye nyuzi. Tukakijaribu kwenye Raleigh iliyolala nje misimu kadhaa ya mvua. Mjomba alizungusha spana mpaka ikakataa. Hakuilazimisha. Aliacha mbano uleule, akamimina mafuta ya taa kwenye tundu, akaenda kunywa chai. Tulikuwa bado tunakunywa tuliposikia "tak!" kutoka kijiweni, bila mtu yeyote kuwa karibu.

Kikombe cha chai kilisimama karibu na mdomo wake. "Kumbe," alisema, "nguvu inaweza kuachwa ikafanya kazi peke yake."

Toka siku ile alitumia kikwato kwa kazi nyingi, na bomba akalibakiza chini ya benchi kwa kotapini nene ambazo kikwato hakikuzitosha. Mafundi wa vijiwe vingine walikuja kukitazama. Hakuwaficha. Wawili niliwachorea mimi mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu wa ufundi nilidhani masomo ya kotapini yamekwisha kunifaa. Kumbe ilibaki kuyatumia kwa watu. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana mwenye mikono mizuri, aliyeanza kuchelewa na kusinzia darasani. Nilimvumilia wiki mbili. Siku moja alipoingia saa tatu nilimsema mbele ya wenzake wote, kwa maneno mazito, na nilichagua mazito makusudi kwa sababu nilitaka yafike. Yalifika. Hakujibu. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Usiku wa tatu sikupata usingizi, na neno lililonirudia lilikuwa la chini ya mwembe: uliweka nini chini ya krenki? Sikuwa nimeweka kitu. Sikujua analala wapi, anakula nini, nani anamtazamia nyumbani. Nilikuwa nimempiga mtu aliyening'inia, na pigo langu halikugusa ule uchelewaji niliotaka kuutoa. Lilikwenda kutua ndani, mahali pasipoonekana. Nilimtafuta. Nikamkuta akilinda kibanda cha mtu sokoni, kazi aliyokuwa akiifanya kila usiku ili alipe kodi ya chumba. Nilimwomba msamaha mbele ya mwenye kibanda. Tukakaa na walimu wenzangu, tukamtafutia mahali pa kulala karibu na chuo na kazi ya saa za jioni karakanani. Ndipo nilipomwambia, kwa uzito uleule wa siku ile, kwamba kuchelewa hakukubaliki. Safari hii neno liliingia likakaa. Alimaliza, na leo ana karakana yake.

Sisemi kwamba watu wasikemewe. Mjomba hakuwahi kuiondoa nyundo kwenye kijiwe chake. Ninachosema ni kwamba kuegemeza huja kwanza, na ni sehemu ya pigo lenyewe. Mzazi, mwalimu, msimamizi wa kazi, yeyote aliyepewa nyundo, aulize kwanza kilicho chini ya yule anayetaka kumgonga. Akikuta hewa tupu, aiweke nyundo chini akatafute bomba.

Na hili la nati nalo nimelishuhudia. Nimekaa kwenye vikao ambavyo kila jambo likilegea tuliongeza kanuni, kanuni juu ya kanuni, bila kushuka kutazama kama waliofungwa pamoja wanagusana uso kwa uso au wanagusana ukingoni tu kama uzi mwembamba wa masizi. Tulikaza mpaka nyuzi zikakatika. Kazi ya tupa na moshi wa koroboi ilikuwa bado haijafanywa.

Siku hizi baiskeli nyingi mpya za mjini hazina kotapini. Krenki zisizo nazo zilianza kutengenezwa Ulaya tangu miaka ya 1930, na pikipiki imechukua abiria wengi wa keria. Lakini nendeni vijijini, Urambo, Nzega, Shinyanga, mkaone ni nani anayebeba mahindi kwenda mashine ya kusaga. Ni baiskeli zilezile nzito, na kotapini zake sasa zinauzwa kwa pakiti, ubapa wake mbichi haujaguswa na tupa. Fundi kijana anaichomoa kwenye pakiti, anaipiga nyundo juu ya krenki inayoning'inia, na mteja anaondoka na vishimo vipya ndani ya vikombe vyake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kotapini ya bei ya chai inaishia kumlipisha mtu ekseli, vikombe na gololi, na siku nzima ya kukosa riziki. Kipande cha bomba kingemwepusha na yote hayo, nacho kinaokotwa kwenye jengo lolote linalovunjwa.

Mjomba amekwisha kututoka. Bomba lake liko kwangu, na kikwato nilimwachia fundi aliyerithi kijiwe.

Wiki iliyopita asubuhi nilisikia "kwa" nje ya ukuta. Kushoto. Nikatoka haraka na bomba mkononi, nikamwita kijana aliyekuwa akipita na madebe mawili ya maji. Alisimama, akaniamkia, nikamwambia krenki yake itamwacha kabla hajafika. Akasema anajua, na akanionyesha nyundo aliyoifunga kwenye fremu kwa mpira. Kila asubuhi huigonga kidogo, alisema, inakaa mpaka jioni.

"Nyundo ninayo, mama," alisema, "bomba la nini?"

Nikaligeuza wima, nikaliweka juu ya sakafu ya saruji, nikamwonyesha mahali pa kushika. "Teremsha kwanza madebe," nilimwambia. "Kisha uilaze krenki hapa juu, mpaka uhisi imekaa."